Modi za Juu kwa Droni ya Mota Nne: Shajara ya Majaribio, Meserani na Nkoaranga

24 Mei 2025

Mradi huu ni wa kikundi cha wakulima wa kahawa wa Nkoaranga, upande wa Meru. Wanataka picha za mashamba yao kutoka juu kila baada ya miezi michache, ili waone mapema kutu ya majani inaanzia wapi na mibuni ipi imeanza kunyauka. Droni ya dukani ingefanya sehemu ya kazi, lakini mashamba yenyewe yako kwenye mteremko, yamekatwa na makorongo, na katikati ya mibuni imesimama migrevilea mirefu. Pale ndipo rubani anapohitaji modi (namna za kuruka) ambazo wengi huzisoma tu kwenye menyu bila kuzigusa.

Kwa hiyo droni tumeiunganisha wenyewe: fremu ya milimita 500, propela za inchi 10, betri ya seli 4, ubao wa kuongozea droni wa ukoo wa Pixhawk na programu ya ArduPilot toleo la 4.5. ArduPilot ni programu huria, kila modi ina vigezo vilivyo wazi, na kila mruko unaacha logi, yaani kumbukumbu yake, ninayoifungua nikiwa nyumbani Sakina na kuona sekunde kwa sekunde ubao ulikuwa unaamua nini.

Kanuni niliyoiweka ni hii: hakuna modi itakayowashwa mpaka ile inayoibeba iwe imethibitishwa kwa logi. Modi zimepandana kama ngazi. AltHold, ya kushikilia kimo, inasimama juu ya Stabilize, ya kusawazisha droni tu, na kuongeza barometa, kipima shinikizo la hewa. Loiter, ya kushikilia mahali, inasimama juu ya AltHold na kuongeza GPS na dira. Auto (safari iliyopangwa), RTL (kurudi ilikorukia) na SmartRTL (kurudi kwa njia ileile) zinasimama juu ya hizo zote, zikiongeza ramani na kumbukumbu ya njia. Kitu kimoja kikikatika hewani, unashuka hatua moja au mbili bila kuulizwa, na mkono wako lazima uwe unajua kurusha katika modi unayoshukia.

Kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kipo. Majaribio ya mwanzo yatafanyika Meserani, mbali na njia za ndege zinazotua uwanja wa Arusha, Kisongo. Hifadhi ya Taifa ya Arusha hatutaisogelea. Humo droni bila ruhusa maalumu ni marufuku, na mimi naona ni sawa kabisa iwe hivyo.

31 Mei

Meserani, saa moja asubuhi, hewa imetulia. Kuanzia saa nne upepo wa mashariki huanza kukimbiza vumbi uwandani na hapo hakuna kipimo cha kuaminika, kwa hiyo kila jaribio ni la asubuhi.

Tumeanza na Stabilize: ukiachia kijiti cha rimoti droni inajilaza sawa, lakini nguvu ya mota iko mkononi mwako. Hapa suala la mwinuko limejitokeza mara moja. Droni hii iliwahi kuruka Kigamboni kabla ya kupandishwa huku. Kigezo cha MOT_THST_HOVER, yaani sehemu ya nguvu ya mota inayohitajika ili kuelea, ambacho ubao hujifunza wenyewe droni inapoelea, kule pwani kilikuwa 0.36. Meserani kimepanda mpaka 0.41, na uzito haujaongezeka hata gramu. Kilichobadilika ni hewa. Uwanja wa ndege wa Arusha uko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, na Meserani haipishani nao sana. Kwa kimo hicho shinikizo la hewa ni kama hektopaskali 857, wakati pwani ni 1,013. Hewa ya asubuhi hii yenye nyuzi 17 ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko hewa ya Dar yenye nyuzi 30. Propela inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ibebe mzigo uleule, betri inaisha mapema, na akiba ya nguvu ya kujinasua kwenye upepo inapungua. Rubani yeyote anayeleta droni kutoka pwani asibebe mipangilio ya kule akadhani kazi imekwisha.

Kisha Acro. Katika modi hii kijiti hakiamuru mwinamo, kinaamuru kasi ya kuzunguka. Ukiachia, droni inabaki imeinama vilevile mpaka uirudishe mwenyewe. Kuna kigezo cha ACRO_TRAINER: kikiwa 2, ubao unaisawazisha droni na kuwekea mwinamo mipaka, kikiwa 1, unasawazisha tu, kikiwa 0, hakuna msaada. Nimepita kote kutatu kwa kimo cha mita 40.

Mwenzangu, ambaye ndiye mwangalizi wangu uwanjani, aliuliza mpiga picha za mashamba ana haja gani na Acro. Nilimjibu hivi: Acro inategemea jairoskopu, kipima mzunguko, peke yake. Vipima vingine vyote vikifa, hicho ndicho kinachobaki. Sina haja ya kubinuka hewani, nina haja ya kujua kwamba nikifika chini kabisa, bado nina droni inayonisikiliza.

7 Juni

AltHold, na leo tumekwama.

Kijiti cha kushoto kikiwa katikati, ubao unashikilia kimo wenyewe. Ukikisogeza nje ya eneo la katikati, unaamuru kasi ya kupanda au kushuka. Kwa rubani inaonekana modi nyepesi. Kwa ubao ni kazi nzito: barometa inatoa kimo polepole na kwa kuyumba, akselerometa, kipima mchapuko, inatoa haraka lakini inapotoshwa na mtetemo, na kichujio cha EKF, hesabu inayochanganya vipimo, kinalazimika kuamua kila mara kiamini kipi na kwa kiasi gani. Mtetemo ukizidi, akselerometa inadanganya, na droni inaweza kupaa yenyewe huku rubani akiwa ameshusha kijiti mpaka chini. Dawa ni kurudi Stabilize papo hapo na kuishusha kwa mkono. Ndiyo maana Stabilize imetangulia.

Kwenye logi kuna kundi la vipimo vya mtetemo liitwalo VIBE. Chini ya mita 30 kwa sekunde mraba kwa kawaida uko salama. Juu ya 30 matatizo yanaweza kuanza. Juu ya 60 kimo hakishikiki. Pia kuna hesabu ya mara ambazo akselerometa imefika mwisho wa uwezo wake, na hiyo inatakiwa ibaki sifuri. Mruko wa kwanza leo mhimili wa wima ulisoma 14. Wa pili 22. Wa tatu 38. Hakuna skrubu iliyolegea, propela ni zilezile, hazina ufa.

Mwenzangu ndiye aliyeinua droni na kuzungusha mota ya nyuma kulia kwa kidole. Ilikuwa inakwaruza. Tukachungulia kwenye upenyo kati ya kengele ya mota na nyaya za shaba: sumaku zimeota ndevu nyeusi. Ni mchanga wa hapa, mchanga mweusi wa volkano wenye chembe za chuma. Kila droni inaporuka kutoka ardhini, upepo wa propela unaurusha juu, sumaku za mota zinaunasa, na ukishanasa hautoki kwa kupuliza. Tulitoa kengele ya mota, tukabandika tepu ya karatasi juu ya sumaku na kuibandua, tena na tena, mpaka ikatoka safi. Kila bandiko lilitoka na mstari wa chembe nyeusi zilizosimama wima. Mota zote nne zilikuwa nazo, ile ya nyuma kulia zaidi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na kichuguu tulipokuwa tunarukia.

Baada ya kusafisha, mhimili wa wima umerudi 15. Kuanzia sasa tunarukia kwenye turubai lililonyooshwa na kukandamizwa kwa mawe pembeni. Naamini droni nyingi za Kaskazini zinazosemwa kuwa na mtetemo usioeleweka zina ugonjwa huu. Fungueni mota mwangalie.

Jambo la pili la AltHold ni barometa yenyewe. Baadhi ya barometa za ubao wa aina hii huathirika na mwanga: jua likiipiga moja kwa moja, kimo kinahama bila droni kusogea. Pia upepo wa mwendo unaingia kwenye kasha na kubadilisha shinikizo, kwa hiyo ukifunga breki ghafla droni inazama mita moja au mbili. Tumeifunika kwa kipande cha sponji nyeusi inayopitisha hewa. Kuzama bado kupo, lakini sasa ni kama nusu mita.

14 Juni

Ukungu mpaka saa tatu, kisha upepo. Hatukuruka. Nyumbani nimepanga kichujio cha INS_HNTCH ili kikate mtetemo wa mota kwa kufuata mzunguko wake. Kwa kuwa vidhibiti mwendo vya mota zetu vinarudisha taarifa ya mizunguko, nimekiweka kifuate taarifa hiyo badala ya kukisia kutokana na nguvu ya kijiti.

15 Juni

AutoTune. Hii ndiyo modi ninayoiheshimu kuliko zote kwa sababu inafanya kwa dakika chache kazi ambayo zamani ilimaliza mapropela ya watu. Unapanda kwa AltHold, unawasha swichi, na droni inaanza kujitikisa yenyewe: kushoto, kulia, kushoto, kulia, kila mara ikipima ilivyoitikia na kubadilisha vigezo vya PID, vinavyoamua ubao urekebishe kwa nguvu kiasi gani, mpaka mwitikio uwe mkali bila kuyumba. Ukigusa kijiti inasimama, inarudi kwenye vigezo vya zamani ili uirudishe mahali pake, ukiachia inaendelea.

Mambo matatu yamenisaidia leo. Kwanza, mhimili mmoja kwa betri moja. Kigezo cha AUTOTUNE_AXES kinaruhusu kuchagua, na kwa hewa hii nyepesi betri moja haitoshi mihimili mitatu kwa usalama. Pili, ukali. AUTOTUNE_AGGR nimeweka 0.075, katikati ya 0.05 na 0.1; ukali mkubwa unafaa droni ndogo ya mbio, yetu ina kamera. Tatu, namna ya kuhifadhi. Vigezo vipya vinahifadhiwa pale tu unapotua na kuzima mota huku swichi ya AutoTune ikiwa bado juu. Ukiishusha swichi kwanza kwa mazoea, droni inarudi kwenye vigezo vya zamani na kazi yote imepotea.

Mhimili wa kulala kushoto na kulia umetoka kwenye P (herufi ya kwanza ya PID) ya 0.135 ya kiwandani mpaka 0.171. Wa kuinama mbele na nyuma umefika 0.204. Tofauti hiyo ina sababu: betri yetu imelala kwa urefu kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo upande huo ni mzito kuuzungusha na unahitaji msukumo zaidi. Namba zikikubaliana na unachokiona kwa macho, unaziamini.

Baada ya hapo nimerudi Stabilize na kuipigapiga vijiti kwa nguvu. Inasimama papo hapo, haitetemeki. Yule aliyefanya AutoTune pwani akaja huku anapaswa kuirudia, kwa sababu propela ileile katika hewa tofauti haisukumi sawasawa.

28 Juni

Loiter na PosHold. Zote mbili zinashikilia mahali kwa GPS, na wengi huzichukua kama modi moja yenye majina mawili. Vidole vinajua tofauti. Kwenye Loiter kijiti kinaamuru mwendo. Ubao unalainisha kila kitu, na ukiachia, inasubiri kidogo ndipo ifunge breki. Kigezo cha LOIT_BRK_DELAY kwa kawaida ni sekunde 1. Kwenye PosHold kijiti kinaamuru mwinamo moja kwa moja kama Stabilize, na breki zinakuja ukiachia tu. Kwa picha, Loiter. Kwa kupenya karibu na miti ambako nataka kuhisi upepo unavyoisukuma droni, PosHold. Nimeamua zote zibaki kwenye rimoti.

Nusu ya asubuhi imeenda kwenye dira. Modi hizi zinahitaji droni ijue kaskazini iko wapi. Ikikosea kwa nyuzi nyingi, inarekebisha kuelekea upande usio sahihi, inakosea zaidi, na inaanza kuzunguka kwa duara zinazopanuka. Dira yetu iko juu ya mlingoti, mbali na nyaya za betri, na hewani ilikuwa safi. Tatizo lilikuwa ardhini. Mwenzangu alihamishia turubai karibu na mwamba mweusi uliochomoza, na ubao ukagoma kuwasha mota kwa sababu dira zake mbili hazikukubaliana. Tukasogea hatua chache. Ukawasha, tukapanda, na kwenye mita mbili hivi ukatuma ujumbe kwamba sumaku ya ardhini ilikuwa imepotosha dira na mwelekeo umepangwa upya.

Mawe ya volkano yana madini ya sumaku, na Arusha nzima imekaa juu ya mawe hayo. Kwa hiyo utaratibu ni huu: ruka kwa Stabilize au AltHold, panda mpaka mita 5, elea, tazama mwelekeo kwenye skrini kama unalingana na pua ya droni, ndipo uingie Loiter. Anayeruka moja kwa moja na Loiter kutoka juu ya mwamba anaomba matatizo.

Kuna ulinzi wa EKF pia: makosa ya vipimo viwili kati ya dira, mahali na mwendo yakizidi kiwango cha FS_EKF_THRESH, ambacho kwa kawaida ni 0.8, kwa sekunde nzima, ubao unaondoka kwenye modi za GPS na kutua. Juu ya korongo sitaki itue yenyewe. Nimeweka FS_EKF_ACTION iwe 2, yaani ishuke AltHold na kuniachia mimi.

5 Julai

RTL na SmartRTL, ndiyo siku niliyoisubiri kuliko zote.

RTL inapanda mpaka kimo ulichoweka, inarudi kwa mstari ulionyooka hadi ilikorukia, inatua. Kimo cha kiwandani ni sentimita 1,500, yaani mita 15. Kwa Nkoaranga hicho ni kimo cha kugonga mgrevilea. Nimekipandisha hadi mita 45.

Lakini mstari ulionyooka una hatari yake. Kama umeshuka korongoni na kuzunguka kilima ukaenda upande wa pili, mstari ulionyooka unapita mahali ambapo hujawahi kupaona. SmartRTL inakumbuka ulikopita na kurudi nyuma kwa njia ileile. Inahifadhi nukta, 300 kwa mpangilio wa kawaida, na inazirahisisha: pale uliponyooka inafuta nukta za katikati, pale ulipojizungusha na kukata njia yako inaondoa kitanzi chote. Usahihi wake, SRTL_ACCURACY, ni mita 2, kwa hiyo njia ya kurudi inaweza kutofautiana na ya kwenda kwa kiasi hicho. Ukipita kwa kujibana kati ya matawi, usitegemee irudi kwa kujibana vilevile.

Tulijaribu hivi. Kuna kundi la migunga lenye umbo la mkono uliokunjwa. Nimepita kwa nje, nikakata kona, nikaingia kwa ndani, nikajizungusha kitanzi kimoja makusudi. Kisha nikazima rimoti kabisa. FS_THR_ENABLE iko kwenye 4, maana yake rimoti ikipotea, SmartRTL kwanza, na ikishindikana, RTL. Sekunde chache za kuelea, halafu droni ikageuka na kuanza kurudi. Kitanzi haikukirudia. Kona iliifuata vizuri. Mwenzangu alikuwa amesimama pale konani akiwa na ruhusa ya kupiga kelele, na hakupiga.

Nukta zikijaa, SmartRTL inajiondoa na unabaki na RTL. Kwa safari ya picha yenye mistari iliyonyooka hazijai haraka, lakini rubani anayezungukazunguka kwa mkono muda mrefu ajue hilo kabla hajalitegemea.

12 Julai

Kwa ufupi. Circle: nzuri kwa kuzunguka mti mmoja mgonjwa huku kamera ikiutazama, nimepunguza CIRCLE_RATE kutoka nyuzi 20 kwa sekunde hadi 8, picha zinatoka kali. Modi za Drift na Sport hazina kazi katika mradi huu. Flip, ya kubinuka hewani, nimeiacha. Throw, ambayo mota zinawaka baada ya kuirusha droni kwa mkono, sitaiwasha: mashambani watoto wanakuja kutazama, na propela za inchi 10 zinazosubiri kurushwa ili ziwake si kitu cha kuwa nacho karibu na mtoto.

26 Julai

Nkoaranga kwa mara ya kwanza. Baridi, mawingu yamekaa chini kwenye Meru, kilele hakionekani.

Mzee mwenye shamba la kwanza alitupokea, tukamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba na kuuliza swali moja tu: "Hiyo ikianguka, itaangukia kahawa yangu au ya jirani?" Nilimwonyesha kwenye skrini mpaka wa kidijiti tuliouchora kuzunguka shamba lake, na kwamba droni ikiugusa inarudi. Akasema, "Basi iangukie kwangu, ya jirani ina kesi." Kisha akatuonyesha mahali pazuri pa kutandika turubai, palipo wazi, bila mwamba.

Kazi ya leo ni kufuata ardhi. Kutoka turubai letu hadi mpaka wa juu ardhi inapanda kama mita 45. Safari ya Auto iliyowekwa kimo cha mita 60 kutoka mahali pa kurukia ingefika juu ikiwa na mita 15 tu kati yake na udongo, na migrevilea ya pale ni mirefu kuliko hapo. Kwa hiyo kila nukta ya safari imewekwa kimo cha kutoka ardhini.

ArduPilot inajua ardhi kwa ramani ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha Endeavour mwezi Februari 2000 katika safari ya siku 11. Ni kazi kubwa sana waliyoifanya, na sisi huku Meru tunaitumia bure robo karne baadaye. Lakini ina mipaka. Data yake nzuri ina nukta moja kila mita 30 hivi, na TERRAIN_SPACING kwa kawaida ni mita 100. Nimeishusha hadi 30. Korongo lenye upana wa mita 15 halimo ndani yake. Na kuanzia Tengeru hadi Usa River kuna vilima vidogo vingi. Vile vidogo kabisa kwenye ramani vinalainishwa vikawa kama mgongo wa kawaida.

Kwa hiyo tumeongeza kipima umbali cha leza kinachotazama chini, na WPNAV_RFND_USE ikiwa 1, droni inakiamini hicho kuliko ramani. Juu ya mibuni iliyokatwa vizuri inafuata ardhi kwa upole. Juu ya migrevilea inaona tawi, kisha pengo, kisha tawi, na inapandashuka bila utulivu. Juu ya korongo iliona chini kabisa, ikaanza kushuka. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye swichi na nikaichukua kwa Loiter kabla haijazama sana.

Uamuzi: hapa ramani itaongoza na leza itabaki kama shahidi kwenye logi. Picha zinatofautiana kidogo kwa ukubwa, lakini programu ya kuunganisha inazivumilia. Na data ya ramani inapakiwa nyumbani kabla ya kutoka, kwa sababu ubao ukikosa data ya ardhi kwa sekunde 5 katikati ya safari, unaanza RTL. RTL_ALT_TYPE nayo nimeiweka ifuate ardhi.

Mwewe wawili walikuja. Mwewe anakuja kutoka nyuma na juu, na droni inayokwenda kwa mstari bila kubadilisha kitu inampa ujasiri. Nilitoka Auto, nikapanda moja kwa moja kwa nguvu, kwa kuwa mwewe anashambulia kwa kushuka na hapendi kufuata kinachopanda. Wakaondoka. Safari iliendelea kutoka nukta ilipoishia.

9 Agosti

Jana ilikuwa Nane Nane, maswali ya droni za kunyunyizia yalikuwa mengi viwanjani Njiro, kwa hiyo leo tumejaribu ZigZag kwenye shamba la maharage lililo tambarare, chini ya barabara. Unaipeleka droni mwanzo wa mstari, unapiga swichi kuhifadhi nukta A. Unaipeleka mwisho, unahifadhi B. Baada ya hapo unasogea pembeni hatua moja, unapiga swichi, na droni inakwenda yenyewe sambamba na mstari wa kwanza. Haihitaji kompyuta wala ramani. Kwa shamba la mstatili ni modi bora kuliko Auto, kwa sababu mkulima anaweza kubadilisha mawazo katikati.

Kwa Nkoaranga haifai. Mibuni imepandwa kwa kufuata kontua, na mistari yake inapinda.

13 Septemba

Wiki hii droni imekaa juu ya paa Sakina, propela zimetolewa, LOG_DISARMED ikiwa imewashwa ili iandike GPS usiku kucha. Sababu ni jua. NASA na NOAA walitangaza Oktoba 2024 kwamba jua limeingia kwenye kilele cha mzunguko wake wa 25, na sisi tuko ukanda wa ikweta, ambako baada ya jua kuzama ayonosfia, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, hutokota na kuvuruga mawimbi ya setilaiti, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba.

Mchana mistari yote ya logi imetulia. Kati ya saa mbili na saa nne usiku, siku kadhaa setilaiti zimepungua ghafla na mahali pakahama kwa mita kadhaa huku droni ikiwa imefungwa kwenye paa. Siku nyingine hakuna kitu. Hatuna mpango wa kuruka usiku, lakini wanaofanya kazi za jioni hapa Arusha na Moshi wapime hivi kabla ya kuiamini Loiter baada ya magharibi.

20 Septemba

Rimoti imepangwa kama itakavyobaki. Swichi ya nafasi sita: Stabilize, AltHold, PosHold, Loiter, Auto, SmartRTL. RTL ina swichi yake peke yake upande wa kulia, na ya kuzima mota kwa dharura ina kifuniko. Stabilize iko mwisho wa kushoto kabisa ili kidole kiipate bila kutazama: unasukuma mpaka inapogota.

Zimebaki kazi mbili. Mota ya nyuma kulia tunaibadilisha, beringi zake zilikwaruzwa na ule mchanga, na baada ya hapo dira itapimwa upya kwa logi ya mruko. Na picha za Nkoaranga za mwanzo zinahitaji kutembelewa kwa miguu, mbuni kwa mbuni, pamoja na wakulima, ili tujue doa la njano kwenye picha ni kutu ya majani, ni mnyauko fuzari, au ni kivuli cha mgrevilea tu. Mzee amesema twende kabla ya vuli, kwa sababu mvua zikianza njia ya juu haipitiki.